Tippu Tip, Liwali wa Maporomoko

Mtu akitoka Basoko au Isangi akaupanda mto wa Kongo, huenda siku nzima juu ya maji mapana yaliyotulia. Msitu huku, msitu kule, visiwa katikati. Halafu njia inakatika. Mbele yake pana mawe na povu, na ngurumo ya maji husikika kabla maji yenyewe hayajaonekana. Hapo ndipo Kisangani. Hakuna mashua iwezayo kuendelea. Toka pale kwenda juu mto unaanguka mara saba, poromoko moja baada ya jingine, kwa mwendo wa kilomita kama 100. Toka pale kwenda chini ni njia nyeupe mpaka Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,700, pasipo poromoko hata moja.

Basi mahali hapa ni kama mlango, na wenye mlango tangu kale ni Wagenia. Hao walisimika miti mirefu kati ya mawe, wakaifunga kwa kamba za msituni, wakaning'iniza migono mikubwa ndani ya maji yaendayo kasi. Samaki akichukuliwa na mkondo huingia, asiweze kurudi. Ni kazi ya hatari, na wao huifanya tangu utoto.

Katika miaka ya 1880 wageni wa namna mbili walikutana katika mlango huo. Wa kwanza walitoka magharibi, kwa mashua za moshi, wametumwa na mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mkubwa wao alikuwa Stanley. Wa pili walitoka mashariki, kwa miguu, wenye bunduki na kanzu nyeupe, nao walisema Kiswahili. Mkubwa wao aliitwa Tippu Tip. Habari zake ndizo hizi.

Jina lake la haki ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Ukoo wa baba yake ulitoka Omani, nchi ya Waarabu, lakini ndani yake ilikuwamo pia damu ya watu wa bara, na uso wake ulikuwa mweusi. Kwa hiyo Wazungu waliomwona mara ya kwanza walistaajabu, maana walisikia habari za Mwarabu, wakamkuta mtu aliyefanana na wenyeji. Alikuwa mrefu, mwepesi wa mwendo, safi wa mavazi, mpole wa maneno. Hata adui zake walikiri kwamba alikuwa na adabu nyingi.

Baba yake, Muhammed bin Juma, alifanya biashara Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi, akaoa huko binti wa mtemi. Hamed mwenyewe alianza biashara akiwa mtoto wa miaka 12 hivi. Alinunua sandarusi karibu na pwani, akauza. Alipopata miaka 18 alimfuata baba yake bara. Tangu siku hiyo hakukaa sana mahali pamoja mpaka uzee ulipomshika.

Alitafuta nini? Pembe za ndovu. Siku zile watu wa Ulaya na Marekani walizitaka sana kwa kutengenezea vibonyezo vya piano, mipira ya michezo, vitana na mipini ya visu. Watu waliopiga piano zile hawakujua pembe zilipatikana vipi, wala hawakuuliza. Kutoka Kongo mpaka Unguja ni safari ya miezi mingi. Hapakuwa na barabara wala gari, na punda na ng'ombe walikufa njiani kwa mbung'o. Kila pembe ilibebwa na bega la mtu.

Wapagazi wengine walikuwa watu huru waliolipwa, hasa Wanyamwezi, nao walijivunia kazi hiyo. Lakini kadiri misafara ilivyoingia ndani zaidi katika nchi yetu, ndivyo bunduki zilivyochukua mahali pa mali. Watu wa msafara walizunguka kijiji usiku. Alfajiri walipiga bunduki. Wanaume waliokimbilia msituni waliambiwa walete pembe wakitaka kurudishiwa wake zao na watoto wao. Waliozileta, pengine walirudishiwa. Wasiokuwa na pembe waliwapoteza watu wao kabisa, na hao walifungwa shingoni kwa miti, wakapelekwa mbali. Kwa njia hiyo pembe na watumwa zilikuwa biashara moja.

Jina la Tippu Tip alipewa na wenyeji. Wengine walisema ni kwa sababu ya macho yake, maana alikuwa akipepesa kope upesi upesi. Yeye mwenyewe alipenda maelezo mengine, kwamba ni mlio wa bunduki zake. Mtu huweza kujua mengi juu ya mwingine kwa kuangalia jina lipi analolipenda.

Sifa yake ilianza kuenea mwaka 1867. Mwaka huo alikwenda kwa Nsama, mfalme wa Itabwa, kusini mwa ziwa Tanganyika, mtu aliyeogopwa na wafanyabiashara wote. Wakapigana. Nsama alikuwa na watu wengi, Tippu Tip alikuwa na bunduki. Mji wa Nsama ukavunjwa, na pembe nyingi mno zikachukuliwa. Katika mwaka huohuo alikutana na Livingstone, msafiri Mskoti, aliyekuwa akitafuta chanzo cha mto Nili. Alimsaidia kwa chakula na barua. Livingstone alichukia biashara ya watumwa kwa moyo wake wote, hata hivyo alikula chakula cha wafanyabiashara, kwa kuwa pasipo wao angekufa njaa.

Miaka michache baadaye Tippu Tip aliingia nchi za mto Lomami. Huko alikuwako mzee mmoja, Kasongo Rushie, mfalme wa Utetera. Tippu Tip alikuwa amesikia kwamba zamani sana katika vita ndugu wa kike wa ukoo wa mfalme walitekwa, wasionekane tena. Basi akatuma habari kwamba yeye ni mjukuu wa mmoja wa hao waliotekwa, amerudi kwa wajomba zake. Wengi wanadhani aliitunga. Mzee hakuwa na mrithi aliyemtegemea. Akafurahi, akaamini, akamwachia ufalme. Kwa neno moja Tippu Tip alipata nchi kubwa, vijiji vingi na pembe za kila ndovu aliyeuawa humo, asipige risasi hata moja. Mtu huyu akili yake ilikuwa kali kuliko bunduki zake.

Tangu mwaka 1875 alifanya makao yake Kasongo, katika Maniema, karibu na mto wa Lualaba, ambao ndio mto wetu wa Kongo kabla ya kufika kwenye maporomoko. Walikuwako wafanyabiashara wengine Nyangwe, mji wa soko kando ya mto. Wote walijua kwamba mto unakwenda kaskazini. Hawakujua unaishia wapi. Wengine walidhani unaingia Nili.

Mwezi wa Oktoba 1876 akaja Stanley na watu wake na mashua iliyokatwa vipande vipande. Alitaka kuufuata mto mpaka mwisho. Aliogopa watu wake watakimbia, kwa hiyo alimwomba Tippu Tip amsindikize kambi 60, akamwahidi dola 5,000. Ndugu za Tippu Tip walimkataza. Yeye akakubali. Tarehe 5 Novemba wakatoka Nyangwe, wakaingia msitu mnene ambamo jua halionekani. Matope yaliwafikia magotini. Ndui ikaingia kambini, watu wakafa kila siku. Mwisho wa Desemba, Tippu Tip alisema basi, akarudi. Stanley akashuka mto peke yake na watu wake. Mwezi wa Januari 1877 alipita maporomoko saba akipigana na wenye nchi, na mwezi wa Agosti alitokea Boma, karibu na bahari ya magharibi. Baadaye Tippu Tip alilalamika kwamba Stanley hakumtimizia ahadi, na kwamba badala ya mali aliletewa picha ya Stanley mwenyewe.

Safari hiyo ilifungua njia mbili kwa wakati mmoja. Wazungu walijua sasa kwamba toka baharini waweza kupanda mpaka maporomoko. Na watu wa Nyangwe na Kasongo walijua kwamba toka kwao waweza kushuka mpaka maporomoko, na kupita.

Wakapita. Wakashuka mpaka kinywa cha mto Lomami, mpaka Basoko, wakaupanda mto Aruwimi. Ngoma za gogo, ambazo watu wetu huzitumia kupeleka habari toka kijiji mpaka kijiji, zilipiga habari ya hatari usiku kucha. Vijiji vya mtoni vilihamia visiwani. Vijiji vya ndani vikaingia msituni zaidi. Mwezi wa Novemba 1883 Stanley alipanda mto kwa mashua za moshi, safari hii kwa kazi ya mfalme Leopold, akaona vijiji vimekuwa majivu na maiti zinaelea majini. Juu ya Basoko alikuta kambi ya watekaji. Aliandika kwamba ndani yake walikuwamo watu 2,300 waliofungwa, karibu wote wanawake na watoto. Kambi ile haikuwa ya Tippu Tip, ilikuwa ya mfanyabiashara mwingine wa Nyangwe, Abed bin Salim. Kwa wale waliofungwa jambo hilo lilikuwa dogo.

Mmoja wa watoto waliotekwa siku zile aliitwa Disasi Makulo, mwenyeji wa nchi ya Basoko. Stanley alimkomboa kwa watekaji pamoja na watoto wengine. Alilelewa na Wazungu, akasoma, akawa mwalimu wa dini ya Kiprotestanti, akarudi kufundisha kwa watu wake. Alikufa mwaka 1941. Kabla ya kufa aliwasimulia wanawe yaliyompata, nao wakayaandika. Katika maelfu waliochukuliwa toka kando ya mto huu, ni wachache sana ambao tunayajua majina yao.

Stanley alifika maporomoko mwanzo wa Desemba 1883. Akapatana na wenyeji, akajenga stesheni juu ya kisiwa cha Wana Rusari. Akamwacha pale Binnie, Mskoti, fundi wa mitambo ya mashua, mtu mfupi, pamoja na askari kama 30, naye akarudi zake. Huo ndio mwanzo wa mji wa Kisangani, nyumba chache za miti na bendera moja ya buluu yenye nyota ya dhahabu.

Muda si mrefu Tippu Tip naye akafika maporomoko na watu wake, akajenga. Mji wa Waswahili ukakua kando ya mto kuliko stesheni ya Wazungu. Walilima mpunga, ambao watu wa nchi hawakuujua mbele. Walijenga nyumba za baraza. Walisema Kiswahili, na kila aliyetaka kununua au kuuza nao alijifunza. Watekwa walijifunza pia, na watoto wao wakazaliwa wakikisema. Kikakaa hata baada ya mabwana kuondoka. Lugha hii mnayoisoma katika kitabu hiki ilifika kwetu kwa njia hiyo. Ilikuja na msafara, begani pamoja na pembe.

Kwa muda pande mbili zilikaa kama majirani wasiopendana. Kisha, mwaka 1886, neno moja likawasha moto. Mkubwa wa stesheni wakati huo alikuwa Deane, Mwingereza. Mwanamke mmoja, mtumwa wa bwana mmoja wa upande wa pili, alipigwa, akatoroka, akakimbilia stesheni. Bwana wake akamdai. Deane akakataa kumtoa. Wakubwa wa Waswahili wakaja na kusema kwamba mali ya mtu ni lazima irudishwe. Deane akakataa tena. Tippu Tip hakuwapo, alikuwa njiani kwenda Unguja, na waliobaki hawakuwa na akili yake wala uvumilivu wake. Mwezi wa Agosti wakaishambulia stesheni.

Walipigana siku kama nne. Risasi zikapungua. Askari wengi wa Deane wakaingia mitumbwini usiku wakashuka mto. Yeye na Mbelgiji mmoja jina lake Dubois, pamoja na wachache waliobaki, waliitia moto stesheni, wakakimbia. Dubois akazama majini. Deane alijificha msituni muda wa mwezi mzima, na wenyeji wakamlisha na kumficha, ingawa walijua watauawa wakigunduliwa. Mwishowe mashua ya moshi ilikuja toka chini ikamwokoa. Jina la yule mwanamke hakuna aliyeliandika, wala yaliyompata baadaye.

Sasa mlango wa mto ulikuwa wa Waswahili peke yao. Mfalme Leopold hakuwa na askari wa kutosha kuurudisha. Basi Stanley akatoa shauri ambalo liliwashangaza watu wa Ulaya. Tarehe 24 Februari 1887, huko Unguja, alimwandikisha Tippu Tip mkataba, naye akafanywa liwali wa Maporomoko kwa jina la mfalme Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi. Yeye apandishe bendera ya buluu, azuie utekaji wa watu chini ya maporomoko, akubali Mzungu akae pale kama mwangalizi. Tena ampe Stanley wapagazi 600, kwa sababu Stanley alikuwa anakwenda kumtafuta Emin Pasha, liwali wa nchi za kaskazini aliyezingirwa na adui.

Kwa nini Tippu Tip alikubali? Si kwa mshahara, maana msafara mmoja wa pembe ulimpa zaidi ya huo kwa miaka mingi. Aliona mbali kuliko wenzake. Unguja aliona merikebu za vita za Wazungu zimetia nanga mbele ya jumba la Sultani. Alijua kwamba pwani imekwisha kugawanywa na bara itafuata. Alitaka kuokoa alichoweza.

Wakapanda merikebu pamoja, wakazunguka Afrika yote ya kusini, wakapita Cape Town, wakafika kinywa cha mto wa Kongo mwezi wa Machi. Mwezi wa Juni 1887 liwali mpya aliingia mji wake kwa mashua ya moshi, kutoka magharibi. Watu wake walimwona akija kwa upande ambao hakuna mmoja wao aliyewahi kutokea.

Kazi ya uliwali ikawa chungu. Stanley aliacha nusu ya watu wake Yambuya, juu ya mto Aruwimi, wangoje wapagazi. Wapagazi hawakuja kwa muda wa mwaka mzima. Tippu Tip alisema hakuletewa baruti aliyoahidiwa, na kwamba watu wake hawakutaka kwenda. Wazungu walisema alifanya hila. Pale kambini watu walikufa kwa njaa na kwa kula muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri. Hatimaye, mwezi wa Juni 1888, Tippu Tip alileta watu 400 hivi. Mwezi uliofuata mkubwa wa kambi, Meja Barttelot, mtu wa hasira nyingi, alipigwa risasi na mmoja wa wapagazi hao. Stanley aliporudi mwezi wa Agosti akakuta mabaki tu. Akamtupia lawama Tippu Tip, akamshtaki Unguja.

Na je, utekaji ulikoma? Mbele ya bendera, ndiyo. Nyuma ya bendera, msituni, ndugu zake na vijana wake waliendelea. Wengine hawakumtii, wengine aliwaachia. Liwali aliyepata mali yake yote kwa bunduki hakuweza kuwaambia wenzake waache bunduki, nao wakamsikiliza.

Wakati huo huko Ulaya kelele juu ya biashara ya watumwa zilikuwa kubwa. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri juu ya mateso ya watu wa Afrika. Mfalme Leopold naye alisema anapigana na utumwa. Akajenga kambi ya vita Basoko ili kuwafungia Waswahili njia ya chini. Maneno yake yalikuwa mazuri. Matendo ya serikali yake tutayaona baada kidogo.

Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka maporomoko kwenda Unguja kujibu mashtaka ya Stanley. Njiani aliugua sana. Alifika mwaka 1891, na mashtaka yakaachwa. Hakurudi Kongo tena. Mahali pake alibaki Rashid, mtoto wa jamaa yake.

Mwaka 1892 vita vikaanza. Kwa upande mmoja askari wa serikali ya Leopold na wenyeji waliojiunga nao, kwa upande wa pili Waswahili wakiongozwa na Sefu, mwana wa Tippu Tip. Inasemekana baba alikuwa amewaonya wasipigane na Wazungu. Hawakusikia. Nyangwe ulianguka mwezi wa Machi 1893, Kasongo mwezi wa Aprili. Mwezi wa Mei walipigana siku kadhaa hapohapo maporomoko, mpaka Chaltin alipofika toka Basoko na askari wake. Rashid akakimbia, na mji ukawa mikononi mwa serikali. Kabla mwaka haujaisha, Sefu akauawa. Mwaka 1894 vita vikaisha. Yule mzee, akiwa Unguja, alipata habari moja baada ya nyingine kwa wasafiri, ya mji, na ya mtoto.

Watu wa mtoni walidhani wamepona. Lakini bunduki zilibadili mikono tu. Serikali ya Leopold ilitaka pembe, na zaidi ya pembe ilitaka mpira wa msituni. Kila kijiji kilipewa hesabu yake ya kuleta. Wanaume walipokwenda kukata mipira, wake zao walifungwa mpaka warudi. Wazee waliokumbuka siku za watekaji waliitambua desturi hiyo mara moja. Habari hizo zilipojulikana Ulaya, aibu ilikuwa kubwa, na mwaka 1908 nchi ya Ubelgiji ilimnyang'anya mfalme wake Kongo. Kazi ya shuruti haikukoma mara moja hata hivyo.

Katika miaka hiyo, mwaka 1897, Padre Gabriel Grison wa Moyo Mtakatifu alifika maporomoko, akaanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli, chini kidogo ya mji, kando ya mto. Kiswahili alichokikuta pale ndicho kilichotumiwa kufundishia.

Tippu Tip aliishi miaka yake ya mwisho Unguja, tajiri, mwenye mashamba ya karafuu na watumwa wengi sana. Mwaka 1897 Waingereza walimlazimisha Sultani wa Unguja kutangaza kwamba utumwa hautambuliwi tena na sheria. Wazungu waliopita Unguja walipenda kumtembelea. Aliwapa kahawa, akawaeleza safari zake kwa sauti ya upole. Mmoja wao, Mjerumani Heinrich Brode, alimwomba aandike maisha yake. Akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Kitabu hicho ni cha kwanza kabisa ambamo mtu ameeleza maisha yake mwenyewe kwa lugha hii.

Humo ametaja kila kitu kwa hesabu, bei za pembe, idadi ya bunduki, siku za safari, madeni ya watu, nani alimpa mbuzi na nani alimdanganya. Kumbukumbu yake ilikuwa ya ajabu. Lakini anayetafuta humo vijiji vilivyoungua ataviona kwa upande wa aliyewasha moto tu. Waliofungwa shingoni hawakupewa nafasi ya kusema.

Alikufa mwezi wa Juni 1905, kwa homa ya malaria. Nyumba yake ipo mpaka leo Unguja mjini, mtaa wa Shangani, yenye mlango mkubwa wa mti uliochongwa. Wageni huja kuitazama toka nje.

Mwaka uliofuata, 1906, gari la moshi lilianza kupita kando ya maporomoko, toka mjini mpaka Ubundu, kilomita 125, na mizigo ya mto wa juu haikuhitaji tena mabega. Mji uliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966, ndipo ukaitwa kwa haki Kisangani. Wajukuu wa Waswahili wale wamo mjini, pamoja na misikiti yao. Na Wagenia bado husimika miti yao kati ya mawe. Mto ukijaa huing'oa na kuichukua, nao maji yakipungua huenda msituni kukata mingine.